Koti la Mtumba na Safari ya Kwanza ya Watoto

Mtu asiyeijua Kamina, akisikia ya kwamba mzazi anamtafutia mtoto wake koti, hucheka na kuuliza: "Koti la nini katika Afrika?" Lakini sisi tukaao huku twajua. Mji wetu umekaa juu ya uwanda, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Toka mwezi wa Mei hata Septemba mvua hukatika. Mchana jua huwaka vizuri, lakini usiku mbingu hukaa wazi, na joto la mchana hupanda juu likapotea, maana hakuna wingu la kulifunika kama blanketi. Katika Juni na Julai, kabla ya mapambazuko, hata mtu mzima hujikunja kitandani.

Basi kipindi hicho cha baridi ndicho cha likizo kubwa, na ndicho kifaacho kwa safari za miguu. Njia ni kavu, mito imepungua, na mbu si wengi kama wakati wa mvua. Kwa hiyo viongozi wa vijana huchagua majuma hayo ili kuwapeleka watoto nje ya mji na kulala nao usiku mmoja. Jambo hili si geni katika nchi yetu. Miaka ya 1950 Padre Georges Defour, Mmisionari wa Afrika, alianzisha huko Bukavu chama cha Xaveri, kikaenea hata nje ya mipaka ya Kongo. Maskauti nao wana desturi hiyo hiyo ya kutembea na kupiga kambi.

Lakini majina yanapoandikwa, hutokea mtoto mmoja asiyenyosha mkono. Miguu anayo, hamu anayo. Asichokuwa nacho ni nguo ya usiku. Mama yake amekwisha piga hesabu: unga utapatikana, karanga zipo, bali koti jipya halinunuliki. Hivyo mtoto hubaki nyumbani, na wenzake wanaporudi wakisimulia, yeye hana la kusema.

Makala hii yaandikwa kwa ajili ya mtoto huyo, pamoja na mzazi wake na kiongozi wake. Koti kuukuu laweza kabisa kumpeleka safarini. Ila sharti tujue ya kwamba kulitengeneza koti na kuipanga safari ni kazi moja, si mbili. Vyote viwili hupimwa kwa kipimo kimoja, nacho ni mwili wa mtoto aliye mdogo kuliko wote.

KUCHAGUA SOKONI

Biashara ya nguo zilizokwisha valiwa si ya jana huku Katanga. Baada ya vita kuu ya pili wachuuzi walizinunua Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, wakazipeleka Kasenga na kuzivusha mto Luapula, zikauzwa hata katika miji ya migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Siku hizi watu wa Zambia huziita salaula, neno la Kibemba lenye maana ya kuchagua kwa kupekua lundo. Watanzania husema mitumba, kwa sababu hufika zimefungwa katika marobota makubwa. Wengine huko walizoea kusema "kafa Ulaya", wakidhani ya kwamba mwenye nguo amekufa. Kwa kawaida hakufa. Alinunua nyingine tu.

Robota likifunguliwa, kijana muuzaji huita: "Mama, karibu, chagua! Hii ya Ulaya kabisa!" Mama mwenye busara hujibu: "Asante, mwanangu, ngoja kwanza niiangalie," kisha huligeuza koti ndani nje. Uzuri wa koti huonekana nje, bali uzima wake huonekana ndani. Na atazame mambo manne.

Kwanza, kitambaa. Kwa baridi ya usiku sufi ni bora kuliko pamba, maana hata ikipata unyevu kidogo bado hutunza joto, na pamba ikilowa huupoza mwili. Namna ya kuzitambua ni hii: ukiisha kulinunua koti, chomoa uzi mmoja ndani ya pindo, uuchome. Uzi wa sufi hunuka kama nywele zilizoungua, moto wake huzimika upesi, na majivu yake ni meusi yanayovunjika vidoleni. Uzi wa pamba hunuka kama karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Uzi wa nailoni huyeyuka ukawa kishanga kigumu. Koti la nailoni lililojazwa ndani nalo lafaa kwa sababu ni jepesi, ila lisikaribie moto, maana cheche moja hulitoboa.

Pili, mabega. Bega lililochanika ni kazi ya fundi na fedha. Kifungo kilichopotea, bitana iliyofumuka na pindo lililoanguka ni kazi ya nyumbani. Usikatae koti jema kwa ajili ya vifungo.

Tatu, matundu ya nondo. Linyanyue koti mbele ya mwanga wa jua. Matundu mawili matatu yazibika; yakiwa kama ungo, liache.

Nne, uzito. Muuza samaki wakavu hatakataa kukuazima mizani yake. Koti refu la sufi la mtu mzima laweza kufika kilo mbili. Ikumbuke hesabu hiyo, tutairudia.

KULISAFISHA

Koti lisivaliwe siku ya kununuliwa. Lifunge katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, likae juma moja. Vidudu vya upele haviishi zaidi ya siku tatu hivi vikiwa mbali na ngozi ya mtu, na chawa wa nguo hufa kwa njaa ndani ya juma hilo.

Kisha lifuliwe. Sufi haichemshwi wala haisuguliwi. Nyuzi zake zina magamba madogo kama ya samaki. Zikipata maji ya moto na kusuguliwa, magamba hushikana, nguo ikajikunyata na kuwa ngumu, wala hairudi tena kuwa kama kwanza. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Libonyeze koti kwa viganja, lisuuze, ulikamue kwa kulikunja ndani ya kitambaa kikavu. Usilinyonge. Lianike mahali penye upepo, limelala juu ya kichanja, sio kuning'inia kwa mabega, maana uzito wa maji hulivuta likapoteza umbo.

Hapa pana adui mwingine, ambaye mama zetu wamfahamu vema. Yuko nzi atagaye mayai yake juu ya nguo mbichi, hasa zikiwa kivulini au chini mchangani. Funza wake huingia katika ngozi ya mwenye kuivaa nguo, na huko hukua ndani ya jipu. Kwa hiyo, koti likiisha kukauka, lipigwe pasi ya makaa pande zote, ndani na nje, na zaidi penye mishono. Tandaza juu ya sufi kitambaa chenye unyevu ili isiungue. Pasi hii ndiyo kinga ya mtoto wako, nao unadhifu ni faida ya juu.

SINDANO NA UZI

Sasa koti ni safi, lakini bado ni la mtu mzima. Tulipunguze.

Koti refu lifupishwe hadi kwenye nyonga za mtoto, apate kuinua magoti anapotembea. Vipande vilivyokatwa visitupwe. Hivyo ndivyo viraka bora kwa viwiko na kwa matundu ya nondo, maana ni kitambaa chake chenyewe, na rangi yake ni ile ile. Kinachobaki kishonewe mikanda ya mfuko, isimkate mtoto mabegani.

Mikono ya koti isikatwe. Ikunjwe kwa ndani na kushikwa kwa mishono mipana. Mtoto hukua, koti halikui, lakini pindo lililokunjwa laweza kufunguliwa mwaka ujao.

Vifungo vya koti nene sharti viwe na shingo. Weka kijiti cha kiberiti juu ya kifungo, shona juu yake, kisha ukitoe kijiti na kuuzungusha uzi chini ya kifungo mara kadhaa. Bila shingo hiyo, kitambaa kinene hukivuta kifungo hata uzi ukakatika.

Mgongoni shona kipande cha kitambaa cha rangi kali, nyekundu au ya machungwa, mtoto aonekane kwa mbali katika nyasi ndefu. Kwa ndani, upande wa kifua, shona mfuko mdogo wa filimbi.

Nani afanye kazi hiyo? Makubwa na yafanywe na mzazi au fundi wa cherehani. Vifungo, viraka na mfuko wa filimbi, mtoto ashone mwenyewe. Wavulana wasiseme ya kwamba sindano ni kazi ya dada zao. Na watembee sokoni wawahesabu mafundi wa cherehani walio wanaume. Mtoto aliyekishona kifungo chake hukitunza, na akikipoteza safarini ajua la kufanya.

Pengine wenzake watamcheka kwa viraka vyake. Na akumbushwe habari za Mtakatifu Martino. Yasimuliwa ya kwamba alipokuwa bado askari, penye lango la mji wa Amiens katika Ufaransa, alilikata joho lake kwa upanga akampa maskini nusu. Joho lililosadikiwa kuwa lake lilitunzwa na wafalme wa Wafranki. Kwa Kilatini liliitwa cappella, maana yake joho dogo, na mahali lilipowekwa pakapata jina hilo hilo. Hilo ndilo neno letu kapela. Nguo iliyokatwa na kugawanywa, basi, haina aibu yoyote.

MIZANI YA MDOGO

Waswahili husema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kiongozi mwenye mabega mapana huutazama mfuko wa mtoto akauona mwepesi. Lakini mbebaji ni mtoto.

Nchi hii imepata kufundisha somo hilo zamani. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika Kilemba, kwenye makao ya Kasongo Kalombo, mfalme wa Waluba. Alikawia kwake miezi mingi, kisha akaenda kwa miguu mpaka pwani ya Atlantiki, akafika karibu na Benguela mwezi wa Novemba 1875. Njaa na uchovu vilipokaribia kuumaliza msafara wake, aliitupa mashua yake, na hema, na kitanda, akatangulia na watu wachache kutafuta msaada pwani. Yeye alivitupa vitu vyake njiani kwa kulazimika. Sisi na tuviache nyumbani kwa kupenda.

Kanuni njema ni hii: mtoto anayeanza asibebe zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Mwenye kilo 30 abebe kilo 3, basi. Na tuzihesabu. Maji lita 1 ni kilo 1. Mfuko wenyewe gramu 300, karanga na ndizi gramu 300, shati kavu gramu 200, kikombe na kijiko gramu 200: hiyo ni kilo ya pili. Imebaki kilo moja tu, nayo ni ya koti. Sasa umeona kwa nini tulikwenda kwenye mizani sokoni. Koti la kilo mbili lisipofupishwa, mtoto atakuwa amepita kiasi kabla hajatoka uani.

Sufuria, unga, vyandarua na mikeka, navyo? Vitapakiwa juu ya baisikeli, yaani kinga, ambayo huku kwetu hubeba makaa, mihogo na hata wagonjwa. Kinga moja isukumwe nyuma ya msafara, na nafasi iachwe juu yake kwa ajili ya mtoto atakayechoka au kuumia mguu.

NJIA

Kwa mara ya kwanza kilomita 5 au 6 zatosha, kwenda siku moja na kurudi siku ya pili. Watoto wa miaka minane au tisa wenye mizigo hawaendi zaidi ya kilomita 2 au 3 kwa saa. Wapumzike kila nusu saa na kunywa maji. Mwenda pole hajikwai.

Kiongozi aipite njia yote mwenyewe juma moja kabla. Aende kijiji chenye kisima au kijito kisichokauka, na penye kapela au shule ambamo watoto wataingia ikitokea hatari. Amwone mkuu wa kijiji na kuomba ruhusa kwa heshima. Ajue pia zahanati iliyo karibu iko wapi.

Yako mahali pasipofaa. Reli yetu, iliyofika Ilebo mwaka 1928 na kuunganishwa na Kabalo mwaka 1956, huwavuta watembeaji kwa sababu imenyoka. Lakini mtoto akikutwa na treni juu ya daraja hana pa kukimbilia. Tusiifuate. Vivyo hivyo tukae mbali na kambi kubwa ya kijeshi iliyojengwa na Wabelgiji baada ya vita kuu ya pili. Tena afadhali kwenda mwanzoni mwa Julai kuliko kungojea Agosti na Septemba, wakati mioto ya porini inapozidi.

Njiani mtoto mdogo kuliko wote atembee mbele, mara tu nyuma ya kiongozi. Yeye ndiye atakayeweka mwendo. Akiwekwa nyuma, atakimbia siku nzima kuwafuata wakubwa, na atachukia safari maisha yake yote. Mtu mzima mmoja awe wa mwisho, na kila kituo awahesabu watoto kwa majina. Kwa watoto watano awepo mtu mzima mmoja, wala wasiwe kamwe chini ya wawili. Kama wasichana wamo, mama mmoja au wawili waende nao.

Kila mtoto afundishwe ya kwamba akipotea asizunguke. Asimame pale pale, akae karibu na mti mmoja, apige filimbi mara tatu, anyamaze kidogo, apige tena.

USIKU

Hapa koti laingia kazini. Mchana, wakati wa kutembea, likae ndani ya mfuko. Mtoto avaaye koti akitembea hutoka jasho, nalo jasho likiingia katika kitambaa ndilo litakalompoza usiku. Kambi iwe tayari saa mbili kabla ya jua kuchwa. Kila mtoto abadili shati lake bichi, avae lile kavu, kisha koti, mapema, kabla baridi haijamkuta. Koti halifanyi joto. Hulitunza lile alilo nalo mtoto. Akikwisha kupoa, koti halitamsaidia upesi.

Tena baridi haitoki juu tu. Ardhi hulinyonya joto la mwili kuliko hewa. Watoto wakusanye nyasi kavu, wakizipiga kwanza kwa fimbo ili kufukuza nyoka na nge, wazitandaze nene, kisha mikeka juu yake. Chandarua kisisahauliwe kwa kuwa ni kiangazi, maana malaria haina likizo.

Chakula kiwe cha moto: bukari na samaki wakavu, na chai yenye sukari. Maji ya kijito yachemke kwa nguvu dakika moja kabla ya kunywewa. Moto uwashwe mahali palipofyekwa hata udongo uonekane, na mtu mzima aulinde. Asubuhi uzimwe kwa maji na mchanga, mpaka majivu yashikike kwa mkono.

Mtoto akitetemeka bila kuacha, au akianza kusema maneno yasiyoeleweka, asiambiwe avumilie. Avuliwe kilicho kibichi, alazwe kati ya wenzake wawili chini ya makoti yao yote, apewe chai ya moto kama aweza kunywa, kisha apelekwe kwenye nyumba iliyo karibu.

KUANZA SASA

Wazazi, msingojee siku ya safari. Mei ni mwezi wa kununua koti, maana baridi ikifika bei nayo hupanda. Juni ni mwezi wa kufua na kushona.

Viongozi, juma moja kabla ya kuondoka walazeni watoto wote usiku mmoja katika uwanja wa shule, kila mmoja na koti lake. Usiku huo utawaonyesha nani ana koti jembamba, na bado mtakuwa na siku saba za kumsaidia. Aliye na makoti mawili nyumbani ataambiwa. Heri mtoto atetemeke hatua hamsini kutoka kwa mama yake kuliko kilomita sita.

Nanyi watoto, mkirudi, kung'uteni vumbi, libandueni tope, likaucheni koti vizuri na kulihifadhi katika sanduku lifungwalo, nondo asiingie. Mwakani, kabla ya baridi, lipimeni tena. Ikiwa mikono imekuwa mifupi, fungueni pindo. Ikiwa koti zima limekuwa dogo, yuko mdogo wenu nyumbani ambaye hajatembea bado. Mfundisheni kushona kifungo, kisha mpeni.